Huna Kazi? Usipotee

Mwaka 2014 Idara ya Uhamiaji ilitangaza nafasi 70, na walioitwa kwenye usaili wakazidi 10,000. Umati huo ukafanyiwa usaili Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, watu wamekaa majukwaani na kalamu zao kama wanaosubiri Simba na Yanga. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilipokea maombi zaidi ya 135,000 kwa nafasi 1,596. Ukigawanya, ni waombaji wapatao 84 kwa kiti kimoja. Chukulia wote 84 wana akili sawa, bidii sawa na shati lililopigwa pasi sawasawa: bado 83 wanarudi nyumbani na bahasha zao za kaki. Kama wewe ni mmoja wao, hesabu hii huhitaji kufundishwa. Ila shangazi yako haijui, mwenye nyumba haijui, na inapofika saa nne asubuhi mtaa mzima umeshatawanyika kwenye shughuli, wewe uko barazani na kandambili, unaanza kuisahau hata wewe.

Mwongozo huu hauhusu namna ya kuandika wasifu wala nguo ya kuvaa siku ya usaili. Ushauri wa aina hiyo umejaa kila kona. Huu unahusu aibu: yale macho, yale maswali, na ule ukimya unaomzunguka mtu mzima asiye na kazi. Hoja yangu ni moja. Hapa kwetu habari ya kazi hupita midomoni mwa watu kabla haijafika gazetini, na mara nyingine haifiki gazetini kabisa. Aibu inauma, lakini hasara yake kubwa ni kwamba inakufanya upotee. Unaacha kwenda, unaacha kupiga simu, unabadilisha njia usikutane na fulani. Na ukishapotea, hata ule uwezekano mdogo uliokuwa nao unazidi kupungua. Kwa hiyo kila ninalokushauri hapa limepitishwa kwenye swali hili: je, linakuacha unaonekana, kwa gharama unayoweza kuimudu?

Anza kwa kujua aibu hii imetoka wapi, maana ukidhani imezaliwa na udhaifu wako utaibeba peke yako. Kijijini penye ardhi ya kutosha, mtu mzima mwenye nguvu aliyeshinda bila kazi hakuwa na mengi ya kujitetea: jembe lipo, shamba lipo, mvua imenyesha. Kumwita mvivu hakukuwa uonevu mkubwa. Mjini mambo yalikuwa mengine, lakini kipimo kikabaki kilekile, na serikali zilizofuatana zikakitilia nguvu. Mwaka 1944 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitunga sheria ya kuwaondoa mijini wenyeji iliowaona hawafai, na asiye na ajira alikuwa miongoni mwa waliolengwa. Uhuru ulikuja na kaulimbiu ya Uhuru na Kazi. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvukazi, na Dar es Salaam watu wakawa wanasimamishwa njiani watoe uthibitisho kwamba wana kazi. Waliokosa walisombwa kurudishwa mikoani au kupelekwa mashambani, na wengi wao walikuwa mjini tena baada ya muda si mrefu. Mwaka 2015 tukasikia Hapa Kazi Tu. Sibezi kaulimbiu hizo. Nchi haijengwi kwa kulala. Nasema tu kwamba kwa zaidi ya miaka 70 tumefundishwa kumshuku asiye na kazi, na anayekutazama kwa jicho la pembeni anarudia somo alilolikuta. Kipimo anachokushikia ni cha enzi ya jembe, hakijui waombaji 84 kwa kiti kimoja. Ukilielewa hilo hutapona maumivu, lakini utaacha kuipokea kila lawama kana kwamba ni ushahidi.

Sasa tutazame asiye na kazi anavyopotea. Katika yote yaliyoandikwa juu ya jambo hili, sijui maelezo yanayoupita utafiti wa Marienthal, kijiji cha kiwanda karibu na Vienna, Austria. Kiwanda cha nguo kilichokuwa kikikilisha kijiji kizima kilifungwa kati ya 1929 na 1930. Mwishoni mwa 1931 kikosi cha watafiti, wakiwemo Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, kilianza kuwachunguza wakazi wake, na mwaka 1933 wakachapisha walichokiona. Ungetarajia watu wenye siku nzima mikononi wasome zaidi, wakutane zaidi, wahangaike zaidi na vyama vyao. Ikawa kinyume. Maktaba ya wafanyakazi ilifuta ada ya kuazima vitabu, na bado uazimaji ukaporomoka kwa karibu nusu. Shughuli za vyama zikadorora. Watafiti walikaa nyuma ya dirisha wakapima mwendo wa wapita njia kwenye barabara kuu: wanaume walijikokota na kusimamasimama, huku wanawake, ambao kazi zao za nyumbani hazikufungwa na kiwanda, wakipita upesi. Wanaume walipoulizwa siku yao imekwendaje, wengi walishindwa kueleza asubuhi ilikoishia. Umaskini ulichangia, hilo halina ubishi. Lakini kitabu cha bure hakihitaji pesa. Kilichowapungukia ni sababu ya kutoka, na mahali ambapo mtu angegundua kwamba hawakufika.

Weka hilo kando ya utafiti wa pili, wa Mmarekani Mark Granovetter, aliyewachunguza wataalamu na mameneja waliokuwa wamebadili kazi katika mji wa Newton, pembezoni mwa Boston, na kuchapisha matokeo yake mwaka 1973 na 1974. Wengi wao walikuwa wamepata kazi kupitia watu. Alipowauliza hao walikuwa wakionana mara ngapi na mtu aliyewapa habari, chini ya asilimia 17 walisema mara kwa mara. Zaidi ya nusu walisema mara mojamoja, na zaidi ya robo walisema ni nadra. Sababu yake haina fumbo: rafiki yako wa damu anakaa unapokaa na anayajua unayoyajua. Habari mpya iko kwa yule mliyesoma naye sekondari ambaye mnakutana kwenye misiba, kwa msimamizi wako wa mafunzo kwa vitendo, kwa fundi aliyewahi kufanya kazi na mjomba wako. Na hao ndio unaoanza kuwakimbia. Rafiki wa karibu unavumilia akuone na viatu vilivyoisha soli. Mtu wa mbali ndiye unayetaka akukumbuke ulivyokuwa. Kwa maneno mengine, aibu inakata uzi uleule unaoleta mchongo, na inaanza kwa ule wenye faida zaidi.

Utasema hii ndiyo koneksheni tunayoilaani kila siku, mtoto wa fulani kupewa kiti cha watu. Tofauti ipo, nayo ni kubwa. Mtu akikupitisha dirishani kwenye nafasi usiyoistahili, amewadhulumu wengine. Mtu akikuambia kwamba shirika fulani litafungua ofisi Kahama mwezi ujao, au kwamba kiwanda kinatafuta mtu wa stoo na hakijaandika tangazo, amekupa habari tu. Usaili utaufanya mwenyewe. Nafasi nyingi za serikali zinapita kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira na huko ushindani ni wa alama. Lakini duka la jumla, shule binafsi, zahanati, kampuni ya usafirishaji yenye magari sita, hao huajiri anayejulikana kwa mtu wanayemjua.

Basi kazi ya kwanza ni jibu. Swali la “Uko wapi siku hizi?” litakufuata harusini, kanisani, msikitini, kwenye daladala, na kila mara litakukuta hujajiandaa kwa sababu unaliogopa. Jiandae mara moja, uachane nalo. Jibu zuri linaenea kwenye pumzi moja na lina mambo matatu: ukweli kwamba hujapata, unachokitafuta kwa jina lake, na unachokifanya sasa hivi. Aliyesomea uhasibu anaweza kusema: “Bado sijapata, kaka. Natafuta upande wa stoo au ukaguzi, na kwa sasa namfungia hesabu mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Buguruni.” Linganisha na lile tulilolizoea, “Nipo nipo tu, Mungu anasaidia.” Hili la pili linaonekana la unyenyekevu, lakini linamwacha mwenzako bila pa kushika: hajui akukumbuke kwa lipi. La kwanza limempa vitu viwili vya kubeba kichwani, stoo na Buguruni, na kesho akisikia mtu anatafuta karani wa stoo jina lako litamjia. Litamke kwa sauti mara kadhaa ukiwa peke yako mpaka koo lisikwame kwenye “bado sijapata”. Na ukishajibu, usimwombe kazi mtu asiye na kazi ya kutoa, maana umemtwisha deni na safari ijayo ndiye atakayekukwepa. Muulize kitu alichonacho: kwao nani anashughulika na manunuzi, kampuni gani imehamia eneo lile, nani wa kumpelekea wasifu. Karibu kila mtu ana jina la kukupa, na kutoa jina hakumgharimu chochote.

Njia ya mkato inayowavutia wengi ni kudanganya kwamba unafanya kazi. Wapo wanaotoka alfajiri wamechomekea na kushinda Posta au kwenye viwanja vya Mnazi Mmoja hadi jioni ili majirani wasijue. Siwacheki, huo ni ushahidi wa uzito wa aibu yenyewe. Lakini piga gharama. Nauli ya kwenda na kurudi kila siku, chakula cha mchana, michango inayolingana na mshahara ambao haupo, na kumbukumbu ya nani umemwambia nini. Mbaya zaidi, umejiondoa sokoni kwa mdomo wako. Hakuna anayempelekea mchongo mtu aliyeajiriwa. Kutoka asubuhi ni jambo jema, nitalirudia, ila toka ukiwa na unapokwenda na waambie watu unakwenda kutafuta. Kunyamaza ni haki yako pia. Jirani mbeya hana madai ya kujua mambo yako ya fedha, na “Tunapambana, mama” inamtosha. Kunyamaza hakuna cha kukumbuka wala cha kugunduliwa, tofauti na uongo.

Nyumbani ndiko kugumu zaidi, kwa sababu huko huwezi kuondoka baada ya kujibu. Anayekaa kwa kaka na shemeji anajua jinsi sauti ya sufuria inavyobadilika mwisho wa mwezi. Wazazi nao wana aibu yao. Waliuza shamba au ng'ombe kukusomesha, na wanaulizwa na majirani swali lilelile unaloulizwa wewe. Hawakuoni ukiomba kazi, maana siku hizi kuomba kazi kunafanana na kuchezea simu: umelala kwenye kochi, bando linakwisha, na mama anapita akiona mtu anayetazama picha. Wakati huo pengine unapakia vyeti kwenye Ajira Portal. Kwa hiyo usiwaache wakisie. Jumapili jioni waeleze, kwa heshima, wiki inayokuja utakwenda wapi, umeomba wapi, na lipi limejibiwa. Dakika tano. Mzazi aliyeambiwa “Baba, Jumatano napeleka barua viwanda vitatu vya Pugu Road” ana la kusema akiulizwa, na mara nyingi naye ataanza kukutafutia. Kubali majukumu ya nyumbani yanayojulikana mwanzo na mwisho wake, kama kuwapeleka watoto shule au kusimamia maji, uombe na saa zako ziheshimiwe. Usiposema mapema utakuwa mtu wa kutumwa kutwa, kwa kuwa “si upo tu”.

Hapa wanawake wana shida yao, na miongozo mingi inairuka. Kijana wa kiume asiye na kazi hudharauliwa waziwazi: huyu ataoa kwa nini, mahari atatoa wapi? Binti hudharauliwa kwa upole, ambao ni hatari zaidi. Anaambiwa asiwe na haraka, ataolewa. Na huku akisubiri, jiko, watoto wa dada na mgonjwa wa ukoo vinakuwa vyake. Haonekani amekaa bure, kwa hiyo hakuna anayeona kwamba hana kazi, na wala hapati saa za kuitafuta. Kama ni wewe, dai lako la kwanza nyumbani liwe muda: asubuhi mbili au tatu kwa wiki ambazo hupiki wala hufui, zijulikane na wote. Utaitwa mwenye maringo. Ni bei ndogo kuliko kupotea jikoni miaka minne.

Michango nayo ina kanuni zake. Hapa mjini wengi hupotelea kwenye kadi ya harusi: grupu la WhatsApp linaundwa, ahadi zinaorodheshwa kwa majina, na asiye na kitu anajitoa kimyakimya saa saba usiku. Asubuhi wote wameshaona ametoka. Badala ya hivyo, mtumie mweka hazina au bwana harusi mwenyewe ujumbe wa faragha mapema, kabla orodha haijapangwa: kwa sasa sina kazi, nitatoa kiasi hiki kidogo, ila niko tayari kwa kazi ya kamati. Kamati daima ina fedha nyingi kuliko miguu. Anayefuatilia ukumbi, anayesambaza kadi, anayekwenda kumalizana na mtu wa maturubai, huyo anaongea na watu 30 ndani ya mwezi, nusu yao hawajui, na wote wamemwona akitimiza alichoahidi. Msibani ni rahisi zaidi. Rambirambi toa unachoweza, lakini wahi na kaa, kwa maana kwenye kupanga viti na kuchota maji hakuna anayeuliza mshahara. Pale utakapoona hata nauli ya kwenda haipo, piga simu. Simu ya dakika mbili inakuweka kwenye kumbukumbu za watu kuliko hela uliyoikopa ili usiaibike.

Linalofuata lina mabishano: je, mwenye digrii aendeshe bodaboda, auze mitumba, akae kwenye kibanda cha kutuma pesa? Wengi wanaogopa kwamba wakishaonekana huko watabaki huko, na kwamba mwajiri akijua atawadharau. Kuhusu mwajiri tunao ushahidi, ingawa ni wa nchi nyingine. Nchini Marekani, wachumi Kroft, Lange na Notowidigdo walituma wasifu bandia zipatazo 12,000 kwa waajiri na kuchapisha matokeo mwaka 2013: kadiri pengo la kukaa bila kazi lilivyorefuka, ndivyo simu za usaili zilivyopungua, na upungufu mwingi ulitokea katika miezi minane ya mwanzo. Kwa hiyo ni kweli, pengo linadharauliwa. Lakini walikuta pia kwamba dharau hiyo ilikuwa hafifu kwenye miji ambayo ajira ni haba, kwa sababu huko mwajiri anajua kwamba kukosa kazi hakumwelezi mtu. Soko letu linafanana zaidi na miji hiyo. Nchini Sweden, Eriksson na Rooth walifanya jaribio linalofanana na hilo wakalichapisha mwaka 2014: pengo la miezi tisa au zaidi linaloendelea sasa lilimwumiza mwombaji wa kazi za ngazi ya chini na ya kati, lakini pengo la zamani lililofuatwa na kazi halikumdhuru. Kinachoponya pengo, basi, ni kuwa na kitu baada yake.

Ifanye kazi ndogo, ila ifanye kwa namna itakayokaa kwenye karatasi. Kama ni duka, tunza daftari la mauzo ambalo unaweza kulieleza mbele ya jopo. Kama ni pikipiki, pangilia saa ili siku ya usaili isikukute una mkataba wa kumpelekea tajiri hesabu ya siku. Kama ni kufundisha watoto wa mtaa wenu masomo ya ziada, omba mzazi mmoja akubali kuwa mdhamini wako. Ukiulizwa, “Tangu 2022 ulikuwa unafanya nini?” jibu kwa tarehe na kiasi, bila kuomba radhi. Tahadhari yangu ni kwamba kazi ndogo ina njaa ya muda, na wapo ambao imewameza hadi wakaacha kuomba kabisa. Weka asubuhi moja kwa wiki isiyoguswa. Na kumbuka kwamba hata mlango wa kujiajiri unapita kwa watu. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, asilimia 4 ikiwa ya vijana, 4 ya wanawake na 2 ya watu wenye ulemavu, na vijana wanaipata wakiwa kikundi kilichosajiliwa. Kikundi hakiundwi na mtu aliyejifungia ndani. Watakaocheka digrii imepanda pikipiki wapo. Wengi wao ndio haohao waliokuwa wakikuita mvivu, kwa hiyo hukumu yao haina namna ya kukupendelea hata ukifanya nini.

Kuna watu ambao aibu yako ni mtaji wao. Tapeli wa ajira hafanyi kazi na mtu anayesema mambo yake hadharani. Anamtaka yule aliyechoka kuulizwa, anayetamani kuwashtua watu kwa habari njema, na ambaye akilizwa hataripoti kwa sababu itambidi akiri. Maneno yake hayabadiliki: nafasi ipo, ni siri, usimwambie mtu, tuma laki mbili ya faili leo kabla ya saa kumi. Kuomba kazi serikalini ni bure, na Sekretarieti ya Ajira imeuonya umma juu ya matapeli hawa mara nyingi. Dawa yake ni kuvunja sharti la siri: kabla ya kutuma senti, waambie watu wawili, mmoja wao awe mtu anayependa kubisha. Ninawaweka kwenye mkoba huohuo mawakala wanaoahidi kazi za Ghuba bila mkataba wa kusomeka, na wauza mafuta ya kufungua nyota. Sali unavyoamini. Lakini anayekuuliza una shilingi ngapi kabla ya kukuombea ameshajieleza.

Lipo pingamizi zito ambalo sitaki kulikwepa. Wazazi wengi, na viongozi si wachache, wanaamini kwamba aibu ina faida: kijana akibembelezwa atazoea, akisemwa atatafuta. Mchumi Andrew Clark, katika makala ya 2003 yenye takwimu za Uingereza, alikuta mambo mawili. La kwanza ni kwamba asiye na kazi huumia kidogo pale ambapo wengi wanaomzunguka nao hawana kazi. La pili ni kwamba wale ambao kukosa kazi kuliwaumiza zaidi ndio waliokuwa na uwezekano mdogo wa kubaki hivyo. Mzazi mkali atalishika hili la pili kwa mikono miwili. Naukubali ushahidi, lakini tazama unasema nini. Unasema juu ya uchungu wa kukosa kazi, na uchungu huo kila mtu anao bila kusaidiwa na shangazi. Aibu ya kuonekana ni jambo jingine, na kazi yake hasa ni kumkalisha mtu. Kijana anayesemwa kila jioni mezani hatafuti zaidi. Anaanza kurudi baada ya watu kula. Isitoshe, msukumo una maana pale mlango unapokuwepo. Wachape viboko waombaji wote 84, kiti kitabaki kimoja. Mzazi anayetaka kusukuma ampe nauli ya siku mbili na jina la mtu wa kumwona, halafu adai ripoti. Huo nao ni ukali, tena wenye faida.

Pingamizi la mwisho ni la msomaji aliyekwisha kujaribu: nimejionyesha, nimedhalilishwa, sirudi tena. Sikushauri urudi kila mahali. Mjomba anayekufanya kichekesho mbele ya wageni hana habari ya kazi ya kukupa, na kumkwepa hakukupunguzii kitu. Chagua. Tengeneza orodha ya watu 20 wa mbali, wasio na historia ya kukukejeli, na uwasiliane na watatu kila wiki, ujumbe mfupi wenye jambo ndani yake. Wanaotafuta kazi wenzako nao ni wa kushikana nao. Kwao huhitaji kujieleza, na nafasi isiyokufaa wewe itamfaa mwenzako aliyesomea kingine. Ila kijiwe kinachokutana kulaani tu kiache baada ya kikombe cha kwanza cha kahawa. Amka saa ileile, oga, vaa, toka hata kama ni hadi maktaba ya mkoa au ofisi ya serikali ya mtaa kusoma matangazo, kwa sababu siku isiyo na miadi ndiyo inayomezwa. Na ikiwa usingizi umekukimbia kwa wiki nyingi, chakula hakipiti, au mawazo ya kujidhuru yameanza kukujia, hilo limevuka mipaka ya mwongozo huu. Mwambie mtu mmoja leo, kisha mwende pamoja hospitali. Hospitali za rufaa za mikoa zina huduma za afya ya akili, na kwenda huko hakuandikwi kwenye cheti chochote cha ajira.

Siku simu ikiita na ukaanza kazi, usiwapotee wale waliokubeba. Kazi za kwanza mara nyingi ni za mkataba wa muda, na mkataba wa mwaka mmoja unakwisha upesi kuliko mtu anavyodhani. Ndani ya wiki ya kwanza, hata kabla ya mshahara, mpigie kila aliyekupa jina au namba, umwambie imeishia wapi. Hata wale ambao majina yao hayakuzaa kitu wapigie. Na yule kijana atakayekutafuta mwezi wa pili akisema bado hajapata, kama kwenu hakuna nafasi mwambie hivyo moja kwa moja, kisha mpe jina la mtu, namba, na saa ambayo mtu huyo hupokea simu.